Mchoro wa Karakana Nisiyoikanyaga

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya kumbukumbu za mikutano ya Jukwaa. Mikutano yenyewe haina la kukumbukwa: Okoth, mwenyekiti wetu, huongea saa nzima na sisi wengine tunatikisa vichwa. Kwa hiyo kurasa za mbele nimezing'oa na zilizobaki nimejipa. Mimi ni Akeyo, mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, katibu wa Jukwaa, mkazi wa Mashimoni huku Kibera, mwoga tangu kuzaliwa.

Jukwaa ni letu wanafunzi, si la chuo. Sisi ndio tunaoziandikia kampuni barua, tunazialika chuoni Kawangware siku moja kila mwaka, na wanafunzi wanazungumza nazo meza kwa meza mpaka wapate pa kufanyia mafunzo ya kazini. Bila miezi mitatu ya mafunzo hayo hutoki chuoni na cheti. Wenye wajomba wenye ofisi hawatuhitaji. Sisi wa Kibera na Kawangware hatuna wajomba wa namna hiyo.

Mwaka huu kampuni kumi na nne zimekubali. Mvua bado.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumegawana kazi ya kukanyaga. Hii ni desturi tuliyoikuta. Kampuni haiingii kwenye orodha mpaka wanafunzi wawili waende kwa miguu yao, waingie ndani ya karakana, wachore kwa mkono: mlango uko wapi, swichi kuu ya umeme iko wapi, kizima moto kiko wapi. Wote wawili wanatia sahihi. Wanasema ilianza baada ya mwanafunzi mmoja kufia kazini siku ya kwanza, kwa sababu waliokuwa karibu naye hawakujua pa kuzimia stima.

Halafu wanaopata nafasi hufundishwa mchoro mpaka wauweke kichwani. Tunawafunga macho kwa leso na kuwauliza: umesimama mlangoni, swichi iko wapi? Mtu ananyoosha mkono. Akikosea anarudia. Karatasi yenyewe inabaki kwenye faili, maana kwenye moshi hakuna anayesoma karatasi.

Mimi na Tonny tumepewa Bubujiko Pampu, karakana ya pampu za maji huko Viwandani. Mwenyewe anaitwa Bwana Muia. Tonny ni mweka hazina, mtu wa kuchekesha hata msibani. Nimefurahi kupangiwa naye.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ilianza alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Kufikia saa mbili maji ya mtaro yalikuwa yamepita kizingiti chetu. Mama na mimi tulikuwa tunayateka kwa karai na kuyamwaga nje, nayo yanarudi. Godoro liko juu ya meza, meza iko juu ya matofali, na Mama anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya mtu anayegombana.

Tonny akapiga simu. "Akeyo, hakuna kwenda. Viwandani yote iko chini ya maji."

"Tutaenda kesho basi."

"Kesho Okoth anafunga list. Skiza, Muia amenitumia video. Ametembea workshop yote, kutoka mlango mpaka nyuma. Nakurushia. Wewe chora, mi nitasign."

"Na tukiulizwa?"

"Tushawahi kuulizwa?"

Nilichora nikiwa nimeketi kwenye kitanda kitupu, miguu juu. Niliitazama video mara tatu, uso wa Muia ukiziba nusu ya picha. Ukiingia mlangoni, swichi kuu iko kushoto, nyuma ya rafu ya vyuma. Kizima moto kiko pembeni mwa dirisha. Nilitumia rula na kalamu mbili za rangi. Bila kujisifu, ni mchoro safi kuliko yote niliyowahi kuichora. Nikaandika tarehe ya leo, na mahali pa kusema tulifika saa ngapi nikaandika saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi nilikuwa na karai mkononi.

Jumatano, 12 Machi

Tonny ametia sahihi. Okoth ameusifu mchoro mbele ya kamati yote.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Stima zimepotea Mashimoni nzima. Nimesoma kwa tochi ya simu mpaka ikafa.

Jumanne, 25 Machi

Okoth ameubandika mchoro wangu ukutani kwenye chumba cha Jukwaa ili wengine waige. "Hii ndiyo kazi," akawaambia. "Mtu ameenda, ameona, amechora." Watu wakapiga makofi. Nilitabasamu. Jioni nilimwomba aubandue urudi kwenye faili, nikisema unyevu utauharibu. Akasema mimi ni mnyenyekevu sana.

Jumatano, 2 Aprili

Leo niliamka nimeamua kwenda Bubujiko kimyakimya, niingie, nione, nitoke, na roho yangu itulie. Nilifika. Geti lilikuwa wazi. Soja, mzee mpole mwenye koti la mvua, akanisukumia kitabu cha wageni.

"Andika jina, namba ya kitambulisho na tarehe, mama."

Kalamu ilikuwa mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikiandika jina langu leo, kitabu hicho kitasema Akeyo alikuja tarehe mbili Aprili. Na mtu yeyote akirudisha kurasa nyuma mpaka tarehe kumi na moja Machi, hatanikuta. Nilimwambia soja nimesahau kitu kwenye gari. Gari lenyewe sina. Nikaondoka mbio, na sikusimama mpaka nilipoona reli.

Hatua thelathini zilibaki, pengine pungufu. Ningeweza kuuona mlango ule kwa macho yangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku ya Jukwaa. Ukumbi ulijaa, meza kumi na nne, na mvua ikipiga mabati mpaka watu wakawa wanazungumza mdomo kwa sikio. Nilivyoogopa watu wa kampuni wasije, na walivyokuja wote, nusura nilie. Mimi mwenyewe nimepata nafasi kwenye kampuni ya lifti, naanza Juni. Mama amenikumbatia na mikono yenye unga.

Bwana Muia ni mtu mnene, mcheshi, anayempa kila mtu mkono. Amechukua wawili: Wekulo na Jentrix.

Jentrix ni rafiki yangu wa karibu kuliko wote. Anaishi Soweto East, hapa hapa Kibera, tunatembea pamoja kwenda chuoni saa nzima kila asubuhi na bado hatumalizi maneno. Hakuna mwanafunzi anayeunganisha nyaya kwa usafi kama yeye. Wekulo ni wa Kawangware, mtoto wa pekee wa mama yake, kijana asiyeongea mpaka aulizwe na akiulizwa anajibu sawasawa.

Kati ya kampuni zote kumi na nne, wamechukuliwa na ile.

Jumatano, 16 Aprili

Leo ilikuwa zamu yangu kuwafundisha mchoro. Jentrix hakuja, alikuwa na homa. Akaniandikia nimwekee tu alama ya kuhudhuria, Wekulo atamwonyesha wakifika. Nikaweka alama. Nimekuwa hodari sana wa kuweka alama.

Nilimfunga Wekulo macho kwa leso ya Mama. "Uko mlangoni. Swichi?"

Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Umegeuka, unatazama nje. Swichi?"

Mkono wa kulia, bila kufikiri.

"Umeanguka chini, kichwa kiko upande wa dirisha."

Akalala sakafuni kweli, kisha akanyoosha kidole mahali penyewe. Nilimuuliza mara kumi na mbili na hakukosea hata mara moja. Alipofungua leso alikuwa na jasho.

"Hiyo nimeshika," akasema. "Hata nikiwa usingizini nitaifikia."

Nilimwambia yeye ndiye bora mwaka huu. Ilikuwa kweli.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua. Mama anauliza mbona sili.

Jumapili, 27 Aprili

Sijui niandikeje. Naandika ili mkono uwe na la kufanya.

Simu yangu ilijaa, nikawa nafuta video. Nikaikuta ya Muia. Nikaitazama mara ya mwisho kabla ya kuifuta. Ukutani, nyuma kabisa, kuna neno limepakwa rangi nyekundu, HATARI. Liko mbali na picha inatikisika, ndiyo maana Machi sikulisoma, nililiona tu kama rangi. Leo nikasimamisha picha. Herufi nyingi za neno hilo hazibadiliki zikigeuzwa. Lakini R ilikuwa inatazama upande usio wake, na neno lote lilianzia mwisho.

Muia alijirekodi kwa kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha. Simu yake hugeuza picha kama kioo. Kushoto ni kulia. Kila kitu nilichochora kiko upande wa pili. Nilichomfundisha Wekulo mara kumi na mbili kiko upande wa pili, na kesho asubuhi ndiyo siku yao ya kwanza.

Nimempigia Wekulo: mteja hapatikani. Nimempigia Jentrix, akapokea kwa kunong'ona, yuko kanisani, atanipigia. Hajapiga. Nikampigia Tonny.

"Kwani watu hawaonyeshwagi place siku ya kwanza?" akasema. "Wataonyeshwa. Tulia."

"Na wasipoonyeshwa?"

"Akeyo. Ukisema hii kitu, wewe na mimi tumeisha. Jukwaa imeisha. Ile place yako ya lifti imeisha. Kwa sababu ya video? Wataonyeshwa bana."

Naogopa. Kila nikijiambia wataonyeshwa naamini kwa dakika moja, halafu naanza upya. Adhana ya msikiti wa Makina imemalizika na bado nimekaa na simu mapajani.

Jumatatu, 28 Aprili

Saa kumi jioni nilimwandikia Wekulo: Mmeonyeshwa main switch?

Akajibu: Bado, leo tulikuwa nje tunabeba pipes. Fundi ameuliza kama tunajua workshop, nikamwambia tunajua, wasee wa Jukwaa walishatufunza. Amefurahi sana. Kesho ndio tunaingia ndani.

Niliandika: Wekulo, ule mchoro umegeuka. Nikafuta. Niliandika: Kesho mwambie fundi akuonyeshe tena. Nikafuta, kwa sababu angeuliza kwa nini. Nikaandika: Poa.

Hiyo ndiyo niliyotuma.

Jumanne, 29 Aprili

Okoth alipiga saa tano na robo. Sikumbuki alivyoanza. Nakumbuka nilimuuliza, "Ni nani?" kabla hajasema kuna jambo.

Ni Jentrix. Yu hai. Naandika tena ili niione: yu hai.

Nimeyapata haya kwa vipande, kwa Okoth na kwa fundi tuliyemkuta hospitalini. Mvua ya asubuhi iliingiza maji karakanani, vidole viwili tu juu ya sakafu. Waliambiwa wainue vitu kabla havijalowa. Jentrix akashika sanduku la umeme la pampu moja, mtu mmoja alikuwa ameliacha limeunganishwa. Likamshika. Fundi anasema hakupiga hata kelele, alisimama tu anatetemeka na mkono umeganda pale. Wekulo alikuwa karibu na mlango. Hakumkimbilia kumgusa, maana tumewafundisha wasiguse. Akakimbilia swichi.

"Huyo kijana alikimbia kama anajua," fundi akasema. "Lakini akaenda upande wa mabomba. Akaanza kuvuta mabomba chini, anapapasa ukuta. Mimi niko huko nje naskia vyuma vinaanguka. Nikaingia, nikazima. Alikuwa bado anapapasa."

Niliuliza ni muda gani ulipita.

"Kama sekunde kumi," akasema. "Sekunde kumi ni nyingi sana, madam."

Nilitoka nje ya wodi nikatapika kando ya mtaro. Mtu akanipa maji akidhani nina mimba. Wekulo alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, viatu vimelowa, mikono ina damu ya yale mabomba. Nilipita karibu yake na sikumtazama. Nilijua akinyanyua macho nitasema, na sikutaka kusema.

Jumatano, 30 Aprili

Wameniruhusu kumwona Jentrix. Mkono wa kulia umefungwa mpaka kiwiko. Amevimba uso. Kuna mashine inahesabu mapigo ya moyo wake na mimi nilikuwa nahesabu pamoja nayo.

"Niaje," akasema, sauti imekwaruza.

"Usiongee."

"Nilikuwa namwona Wekulo," akasema. "Namwona kabisa. Siwezi kuita. Nikawa najiuliza, huyu anatafuta nini kwa mabomba?"

Kisha akalala. Nilibaki nimeshika ukingo wa shuka.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Tonny alikuja nyumbani, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alimsalimia Mama vizuri, akacheka naye, akakubali chai. Mama alipotoka kuchota maji kibandani akatoa karatasi ndani ya koti.

"Nilienda kwa Muia jana na Okoth kusema pole. Niliona kila kitu. Nimechora vile iko."

Alikuwa ameuiga mchoro wangu mzima, rula, rangi mbili, hata namna ninavyoandika herufi zangu. Tarehe ni ile ile, kumi na moja Machi. Sahihi yake ilikuwa tayari. Swichi ilikuwa kulia.

"Ule mwingine uko wapi?"

"Mwingine gani?"

Nilimtazama. Miaka mitatu nimecheka na huyu mtu. Sasa alikuwa anapuliza chai yake polepole na mimi nikamwogopa, kwa mara ya kwanza, nikamwogopa kama unavyomwogopa mtu aliyesimama kati yako na mlango.

"Hii inamfanya Wekulo aonekane alikosea," nikasema.

"Wekulo hatafukuzwa. Mtu akishtuka anakosea, kila mtu ataelewa. Lakini sisi watatupeleka korti. Fikiria mathe wako."

Nilitia sahihi. Naandika hapa wazi kwa sababu mahali pengine pote nimeandika uongo: nilitia sahihi, kalamu ilikuwa yangu, na hakuna aliyenishika mkono.

Jumamosi, 3 Mei

Wamemkata Jentrix vidole viwili, cha shahada na cha kati. Mkono wa kulia. Mvua haijaacha.

Jumatatu, 5 Mei

Kikao. Mlezi wetu, Mwalimu Kilonzo, ndiye aliyekiita. Baba na mama wa Jentrix walikuwepo, wamekaa pamoja, wamevaa nguo za kanisani. Bwana Muia hakuwa mcheshi leo. Wekulo aliketi mwisho wa meza.

Mwalimu aliuliza kwanza kama karakana ilikanyagwa. Tonny akajibu ndiyo, yeye na mimi. Mwalimu akanigeukia. Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka vizuri tu, hilo ndilo linalonitisha.

"Kuna kitabu cha wageni?" akamuuliza Muia.

Muia akasema kibanda cha soja kilifurika siku ile ile ya ajali na kitabu kimekuwa uji. Walikitupa. Mwalimu akaandika kitu, akaendelea. Ndivyo ilivyokwisha. Kile kitu nilichokikimbia tangu Aprili kilioshwa na mvua na hakuna tena popote duniani palipoandikwa kwamba sikufika.

Kisha akafungua faili na kuutoa mchoro. Okoth aliuinamia pamoja naye. Okoth, aliyeubandika ule wa kwanza ukutani, aliyeutazama wiki mbili. Akautazama sana. Halafu akainua macho, akanitazama mimi, na nikaona anajua, au anakaribia kujua. Nikangoja. Okoth akasema, "Mchoro uko sawa, Mwalimu," akaketi. Nilidhani namjua Okoth kuwa ni mpenda maneno. Leo alikuwa na neno moja la kusema na akalimeza.

Mwalimu akamsogezea Wekulo karatasi. "Ulifundishwa huu?"

Wekulo aliutazama. Nikaona midomo yake inasogea. Alifumba macho pale pale mbele ya watu wote, akainua mkono wa kushoto, akafumbua, akatazama karatasi.

"Kulia," akasema. "Iko kulia."

"Wewe ulienda wapi?"

"Kushoto."

"Kwa nini?"

"Sijui, Mwalimu. Nilikuwa nimeshika vizuri kabisa. Muulizeni Akeyo, nilijibu yote." Watu wote wakanitazama, nikatikisa kichwa kukubali. "Basi niligeuza. Niliogopa, nikageuza."

Akasimama, akazunguka meza, akapiga magoti mbele ya mama wa Jentrix. Akasema, "Mama, nisamehe, mimi ndiye nilichelewa." Mama yule alimwinua kwa mikono yote miwili na kumwambia yeye ni mtoto, hana kosa. Baba aligeukia dirisha.

Nilisaini kumbukumbu za kikao. Mimi ndiye katibu.

Jumanne, 6 Mei

Kampuni ya lifti imeniandikia kuthibitisha. Sikumwonyesha Mama.

Jumatano, 7 Mei

Mvua imepungua. Nilikwenda hospitali nikafika ngazi ya kwanza, nikarudi.

Ijumaa, 9 Mei

Wekulo ameandika barua ya kuacha chuo. Mistari minne. Anasema hafai kazi ya stima, mtu mwingine atakufa. Okoth aliisoma kwenye kamati na Tonny akasema, "Aiii, maskini," kwa masikitiko yanayofanana kabisa na masikitiko ya kweli.

Niko salama. Nimejaribu kulifurahia neno hilo siku nne sasa. Hakuna kitabu, hakuna mchoro, Jentrix hakufundishwa, Okoth amenyamaza, Tonny hatasema, na mtu wa pekee aliyejua swichi ilikuwa kushoto kichwani mwake ameshawishika kwamba kichwa chake ni kibovu. Hakuna anayenitafuta. Na sijawahi kuogopa hivi, hata mbele ya lile geti.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetembea mpaka Kawangware, si njia ya chuo. Jua limetoka, matope yameanza kukauka na kunuka. Nilimuuliza mama mmoja wa mboga kwa kina Wekulo, akanielekeza.

Mama yake alikuwa anafua mlangoni. Mwanamke mfupi, mwembamba, macho mekundu. Nilipojitaja akafuta mikono kwenye kanga na kunishika.

"Wewe ndio Akeyo wa Jukwaa. Asante kuja. Wengine hawajakuja." Akashusha sauti. "Hatoki nje. Hali chakula. Anakaa tu kwa kitanda, anafunga macho, ananyoosha mkono hivi." Akanyoosha wa kushoto. "Halafu anaufungua na kuutazama. Ananiuliza, Mama, huu ni gani? Kama mtoto. Ongea na yeye. Wewe ni rafiki yake."

Chumba kilikuwa na giza baada ya jua la nje. Wekulo alikuwa kitandani, ameegemea ukuta. Vidonda vya mabomba mikononi vilikuwa vimekauka. Aliniambia nikae. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na maneno ya kuanzia, na ya kujitetea kidogo, kuhusu maji yaliyoingia nyumbani na godoro juu ya meza. Yote yalikimbia.

"Hukugeuza," nikasema.

Alinitazama.

"Nilikufunza kushoto. Mchoro ulikuwa unasema kushoto. Ule uliouona kikaoni Tonny aliuchora baadaye, na mimi nikasaini. Hatukuwahi kwenda huko, Wekulo. Nilichora kutoka kwa video na video ilikuwa imegeuka. Ulienda mahali nilikuambia uende."

Hakusonga. Nje mama yake alikuwa anakamua nguo, maji yanaanguka kwenye beseni. Nikafikiri hajanisikia, nikafungua mdomo kurudia.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Kujua nini?"

"Imegeuka. Ulijua lini?"

Hapo palikuwa na nafasi ya mwisho ya kudanganya, na niliiona. Ningesema juzi. Ningesema baada ya ajali. Angeamini, yeye huamini anachofundishwa.

"Jumapili," nikasema. "Kabla muanze."

Akachukua simu yake kutoka kwenye mto. Alisogeza kidole kwa muda, akatafuta, akafika. Hakunionyesha. Alisoma tu, nami nikajua anasoma nini, neno lenyewe ni fupi: Poa. Akaiweka simu chini, kifudifudi. Uso wake ulianza kubadilika na nilingoja anipige, nilitaka anipige. Lakini alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto, anaugeuza, ndani na nje.

"Mama," akaita. Sauti ilikatika, akaita tena. "Mama, kuja. Si mimi."

Mama yake akaingia, mikono ina povu, akamtazama mwanawe kisha mimi.

"Si wewe nini?"

Wekulo alikuwa analia sasa, wazi, bila kujificha uso. Akanielekezea kwa kidevu.

"Mwambie," akasema. "Yote. Polepole, asikie kila kitu. Halafu twende kwa Jentrix."

Mama akaketi kitandani karibu yake, akanikazia macho, akangoja. Nikaanza na tarehe kumi na moja Machi.